Gari linachemsha: kabla ya kununua spea, jiulize linachemsha wakati gani

Corolla 110 yangu ilichemsha kwa mara ya kwanza Kimara, saa kumi na mbili jioni, foleni haisogei hata mita. Ndani ya wiki tatu nilibadilisha mfuniko wa rejeta (kile kipoza maji ya injini), nikanunua rejeta nyingine ya mtumba, na fundi mmoja akang'oa themostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu huku akiniambia, "Bosi, hii ni ya nchi za baridi." Gari likaendelea kuchemsha. Kumbe feni ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Fundi umeme aliyewahi kuigusa alizigeuza waya zake, kwa hiyo badala ya kuvuta hewa ipite kwenye rejeta, ilikuwa inaisukuma irudi mbele. Waya mbili tu, na mimi nimeshanunua nusu ya duka.

Tangu hapo mtu akinijia na gari linalochemsha, simwulizi amebadilisha nini. Namwuliza linachemsha wakati gani. Kwenye foleni? Mlimani? Dakika tano baada ya kuwasha? Au halichemshi kabisa, ila maji yanapungua? Kila jibu lina watuhumiwa wake, na hawafanani.

Ninayoandika hapa yanahusu zaidi Toyota za petroli za miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000 zilizojaa barabarani kwetu: Corolla, Carina, RAV4 ya kwanza, Noah ya zamani, Mark II. Mwenye Nissan au Subaru atajikuta humu pia, ila baadhi ya vifaa vitakuwa sehemu nyingine.

Ukiwa barabarani na mshale wa joto unapanda

Zima AC. Fungua hita mpaka mwisho na feni yake iwe kali. Najua Dar es Salaam mwezi wa pili hilo ni adhabu, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, na kila joto linaloingia kwako limetoka kwenye injini. Kama hita inatoa hewa baridi wakati mshale uko juu, hiyo nayo ni taarifa: ama maji yameisha, ama hayazunguki. Ila magari mengine ya Pwani mipira ya hita ilishaunganishwa pembeni zamani, kwa hiyo fahamu gari lako likoje kabla ya siku ya tatizo.

Mshale ukiendelea kupanda, tafuta pa kuegesha. Ukiona mvuke, ukisikia harufu ya koolanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta), au mshale umegusa H, alama ya joto kali, zima injini hapo hapo. Usijiambie "nifike tu pale sheli". Kilomita mbili za namna hiyo ndizo zinazopinda silinda hedi, kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu.

Kisha subiri. Nusu saa ni kidogo. Dakika 45 ni bora. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Maji yaliyomo yako juu ya nyuzi 100 na yametulia kwa sababu tu yamebanwa. Ukilegeza mfuniko yanalipuka kuwa mvuke, na yanakwenda moja kwa moja usoni na kifuani. Kitambaa mkononi hakitoshi. Kama huwezi kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja kitupu ukahesabu mpaka kumi, bado hujafika wakati wa kufungua.

Usimwagie injini ya moto maji ya baridi, wala kwa nje. Na utakapoongeza maji, ongeza kidogo kidogo injini ikiwa imepoa. Ikibidi kabisa kuongeza ikiwa bado ina uvuguvugu, iwashe kwanza iwe inaunguruma taratibu ndipo umimine.

Linachemsha kwenye foleni, likitembea linapoa

Hili ndilo linalolalamikiwa zaidi mijini, na bahati nzuri ndilo rahisi kuliko yote. Gari likitembea kilomita 60 kwa saa, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Likisimama, feni inabaki peke yake. Kwa hiyo anza na feni, usianze na rejeta.

Washa injini, washa AC. Kwenye Toyota nyingi feni ya rejeta, au ile ya pili ya AC, inapaswa kuanza mara moja. Isipoanza, angalia fyuzi, halafu rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Rilei ya feni mara nyingi inafanana na nyingine kwenye boksi lile lile, kwa hiyo unaweza kuzibadilishana kwa jaribio la dakika moja bila kununua kitu.

Fyuzi na rilei zikiwa nzima, kuna jaribio ninalolipenda. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, swichi ya joto ya feni imetengenezwa kinyume na unavyofikiri: injini ikiwa baridi swichi inapitisha umeme na feni imelala, maji yakifika kama nyuzi 93 swichi inakata na feni inaanza, kisha inazima yakishuka hadi kama 83. Maana yake ukichomoa plagi ya swichi hiyo huku funguo ikiwa ON, feni inapaswa kuanza yenyewe. Ikianza, mota na waya ni vizima, na mshukiwa ni swichi. Isipoanza, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Mota ikibaki kimya, au ikizunguka kwa kujivuta, brashi zake zimekwisha.

Halafu fanya jaribio ambalo lingeniokolea pesa zangu zote: chukua karatasi, iweke mbele ya rejeta feni ikiwa inazunguka. Karatasi inapaswa kuvutwa na kung'ang'ania. Ikipeperushwa kuja kwako, feni inazunguka kinyume. Mota ya feni ni ya umeme wa betri; ukigeuza waya zake mbili inageuka.

Hapa niseme neno kuhusu "feni ya moja kwa moja". Fundi akishindwa kujua kwa nini feni haianzi, anaivutia waya kutoka kwenye swichi ili izunguke muda wote. Gari linaacha kuchemsha, mteja anafurahi. Lakini mota inayozunguka kutoka Mbagala hadi Bunju kila siku haidumu, na waya mwembamba usio na rilei wala fyuzi unaobeba umeme wa feni nimeshaona ukiyeyuka hadi ukaunguza waya za jirani. Kama umekwama Chalinze usiku, sawa, ikufikishe. Kesho yake itengenezwe.

Mark II, Hiace na magari mengi ya injini iliyolala kwa urefu yana feni inayoendeshwa na mkanda kupitia feni klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, izungushe kwa mkono. Inapaswa kukukatalia kidogo. Ikizunguka raundi tatu nne kama pangaboi, au ukiona mafuta yametapakaa katikati yake, imekufa.

Feni ikiwa salama, ndipo uangalie hewa inapita wapi. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, na katikati ya hizo mbili hukusanyika vumbi, wadudu, nyasi na vipande vya mifuko. Ukichungulia kwa mbele unaona kusafi. Uchafu uko katikati. Osha kwa maji yasiyo na nguvu sana, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine za kuoshea magari zikilengwa karibu zinalaza zile mbavu nyembamba, na ukishazilaza umeziba rejeta wewe mwenyewe.

Angalia pia kama kava la plastiki linaloizunguka feni bado lipo. Mafundi huliondoa ili wafikie kitu kingine, boliti mbili zikipotea halirudi tena. Bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni, ile ile ya moto iliyotoka injini.

Foleni halina shida, mlimani linachemsha

Hapa feni huna haja ya kuigusa. Gari lenye mzigo likipanda Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni, au matatu ikipanda kutoka Mai Mahiu, injini inazalisha joto jingi kuliko mfumo unavyoweza kulitoa. Swali ni kwa nini mfumo umepungua nguvu.

Sababu ya kwanza, kwa mbali, ni rejeta iliyoziba kwa ndani. Na kinachoiziba ni maji tunayoyaweka. Maji ya kisima cha Dar es Salaam yana chumvi. Yakichemka kila siku yanaacha gamba lile lile unaloliona kwenye birika. Ongeza kutu ya bloku ya chuma, na vile vijia vyembamba vya rejeta vinajaa tope. Usemi kwamba koolanti ni ya nchi za baridi umeua injini nyingi. Kweli inazuia maji yasigande, jambo ambalo Tanga halikuhusu. Lakini pia inazuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka, na hayo yanakuhusu sana.

Kupima: endesha gari lipate joto lake la kawaida, zima, funguo iwe mkononi mwako kwa sababu baadhi ya feni huanza zenyewe, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Joto linapaswa kupungua taratibu kutoka upande maji yanakoingia kwenda yanakotokea. Ukikuta eneo la baridi katikati ya moto, maji hayapiti hapo. Wenye kipimajoto cha kulenga, kile chenye umbo la bastola, watapata jibu safi zaidi. Kile cha kupimia homa hakifai, kinaishia nyuzi arobaini na kitu.

Rejeta ya zamani ya shaba inaweza kufunguliwa, kuzibuliwa na kuchomelewa tena. Hizi za alumini zenye vichwa vya plastiki, ukizifungua mara nyingi zinavuja baadaye. Ukipata mpya yenye ukubwa sahihi, nunua. Rejeta ya mtumba ni kununua tope la mtu mwingine, na mimi nililinunua.

Sababu ya pili ni themostati: ama haifunguki yote, ama haipo. Watu hushangaa nikisema gari linaweza kuchemsha kwa sababu themostati imeondolewa. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ina kisahani cha chini ambacho, ikifunguka, kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini ikiwa ya moto hivyo hivyo. Kwenye tambarare hutagundua, kwani gari litatembea likiwa na ubaridi kupita kiasi, litakunywa mafuta na silinda zitalika. Mlimani ndipo utakapogundua.

Kuipima hakuhitaji gereji. Ifunge kwa uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, washa jiko. Nyingi zimeandikwa 82: inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kufika 95 inapaswa kuwa imefunguka milimita 8 au zaidi. Kama huna kipimajoto, angalia tu: maji yakiwa yanachemka sana na yenyewe imefunguka kidogo kama jicho la mtu mwenye usingizi, itupe. Unapoirudisha, kile kitobo chenye kipini kinachocheza kikae juu, ndicho kinachoachia hewa.

Ya tatu ni mpira wa chini wa rejeta. Ukikongoroka unanywea injini ikivuta kwa nguvu, na maji yanakatika. Injini ikiwa na joto, mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 3,000 kwa dakika huku wewe ukiutazama kwa mbali. Ukijibana, badilisha.

Ya nne ni pampu ya maji. Dalili za wazi ni alama ya maji kwenye kitobo kilicho chini ya shingo yake, mlio wa beringi, au puli inayocheza ukiitikisa. Isiyoonekana ni mapezi ya ndani yaliyoliwa na kutu: pampu haivuji, hailii, ila haisukumi. Kwenye injini ya 5A ya Corolla pampu inaendeshwa na mkanda wa nje, kwa hiyo angalia kwanza kama mkanda umelegea. Kwenye 3S ya RAV4 na Noah inaendeshwa na taiming belti, mkanda wa ndani unaopanga mwendo wa vali. Hapo simama, mwachie fundi anayejua kupanga alama za taiming. Na ukiwa umeshalipia kazi hiyo, badilisha belti na pampu kwa pamoja. Belti ya injini hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000 na wengi wetu hatujui iliyopo ilibadilishwa lini.

Nje ya mfumo wa maji kuna breki zinazobana, eksozi iliyoziba kwenye masega (kisafisha moshi kilicho ndani yake), na taiming ya moto, yaani wakati wa plagi kuwasha, iliyokosewa. Baada ya safari gusa hewa karibu na kila rimu bila kuishika. Moja ikiwa ya moto sana kuliko wenzake, injini yako imekuwa ikipanda mlima huku imekanyagwa breki.

Linapanda ndani ya dakika chache baada ya kuwasha

Asubuhi gari limelala usiku kucha, dakika saba barabarani mshale uko juu. Angalia kiwango cha maji kwanza, ndani ya rejeta yenyewe, si kwenye tanki la akiba peke yake. Tanki linaweza kuwa limejaa na rejeta ni tupu.

Maji yakiwa kamili, gusa mpira wa juu na wa chini mshale ukiwa umeanza kupanda. Mmoja unaunguza na mwingine ni baridi kabisa: themostati imegoma kufunguka.

Kama mfumo ulifunguliwa juzi, kwa mfano rejeta au pampu imebadilishwa, basi mshukiwa ni hewa iliyonasa. Noah ya zamani inasumbua zaidi hapa, kwa sababu injini iko chini ya viti na rejeta iko mbele, mabomba ya maji yanapita chini ya gari safari nzima. Lipandishe gari pua juu kwenye mwinuko, fungua hita, mfuniko wa rejeta uwe wazi tangu injini ikiwa baridi, washa, jaza taratibu. Acha hadi themostati ifunguke na maji yashuke, ongeza tena. Kubonyeza mpira wa juu kwa mkono kunasaidia kufukuza mapovu. Ukimaliza, funga, tembea kidogo, acha lipoe kabisa, angalia tena. Mara nyingi linakunywa nusu lita nyingine. Mabomba yale ya chini ya Noah huoza kwa kutu, yachungulie ukiwa huko.

Mapovu yasipoisha hata baada ya dakika 20, hiyo si hewa iliyonasa. Nenda kwenye sehemu ya gasketi, kile kizibo kati ya hedi na bloku.

Maji yanatoka kupitia tanki la akiba

Anza na mfuniko. Ndiyo spea ya bei nafuu kuliko zote na inadharauliwa kuliko zote. Kazi yake si kufunika tu. Ulioandikwa 0.9 unabana maji kwa shinikizo la kilo 0.9 kwa sentimita mraba, na maji yaliyobanwa hivyo usawa wa bahari hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Mfuniko ukichoka, maji yanachemka kama yaliyo jikoni.

Na jikoni kwa nani? Dar es Salaam ni nyuzi 100. Mbeya mjini au Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, maji matupu yasiyobanwa yanachemka kwenye nyuzi 94. Sasa kumbuka swichi ya feni inaita kwenye 93. Gari lenye mfuniko mbovu lililokuwa likivumilia Pwani linafika nyanda za juu na kuanza kutapika maji, na mwenyewe anasema limekataa baridi.

Tazama raba yake kama imepasuka au kukauka, springi kama ina nguvu, na vali ndogo ya katikati kama inavutika na kurudi. Vali hiyo ikikwama, gari likipoa halivuti maji kutoka kwenye tanki. Utakuta mpira wa juu umenywea asubuhi. Nunua wa namba ile ile. Kuweka wa 1.1 kwenye mfumo wa 0.9 ili "ubane zaidi" ni kutafuta kupasua kichwa cha plastiki cha rejeta ya miaka 25.

Mfuniko mpya na bado maji yanatoka? Basi kuna kitu kinayasukuma kutoka ndani.

Gasketi ya silinda hedi: usiihukumu bila ushahidi, usiipuuze ukiwa nao

Mafundi wengine kila gari linalochemsha wanasema gasketi, kwa sababu ndiyo kazi yenye pesa. Wenye magari nao kila dalili ya gasketi wanasema mfuniko, kwa sababu ndio tunaoumudu. Ushahidi ndio huu, kuanzia ulio rahisi.

Asubuhi, injini baridi, jaza maji mpaka shingoni, acha mfuniko wazi, washa, simama pembeni uso ukiwa mbali. Mapovu madogo machache mwanzoni ni kawaida. Mapovu yanayokuja mfululizo kama soda, na kuongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Zima kabla maji hayajapata moto.

Jaribio jingine: funga mfuniko, washa injini baridi, baada ya dakika moja au mbili minya mpira wa juu. Maji hayajapata joto la kutanuka, kwa hiyo unapaswa kuwa laini. Ukiwa mgumu kama tairi, shinikizo hilo limetoka kwenye silinda.

Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata joto, wenye harufu tamutamu kama una koolanti. Injini inayokosa moto silinda moja asubuhi kisha inatulia. Plagi moja ya kuwashia moto iliyo safi isivyo kawaida wakati wenzake wana rangi. Kisha oili: chomoa dipstiki. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena injini, hata kuisogeza tu getini. Maji hayalainishi beringi. Utando kidogo wa maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake, kwa gari la safari fupi za Njombe au Limuru, unaweza kuwa unyevu tu; dipstiki ndiyo shahidi wa kuaminika.

Gereji nzuri zina kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta. Kikigeuka njano, gesi ya silinda ipo. Ni kipimo cha dakika chache, kifanyike kabla ya kukubali hedi ishushwe.

Ikishushwa, sisitiza ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Hedi ni alumini, bloku ni chuma, na joto huwatenganisha. Kwa injini za 4A na 5A, kupinda kunakoruhusiwa upande wa bloku ni milimita 0.05, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Ikizidi hapo ipelekwe kupigwa skimu, yaani kusawazishwa, kwenye mashine. Kusugua kwa msasa juu ya kioo, jambo nililoliona, ni kulipa gasketi ya pili mapema. Boliti zikazwe kwa tokirenchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa hatua, kutoka katikati kwenda nje. Kwa wenye Prado na Surf za dizeli zenye 1KZ, hedi ikishachemshwa ipimwe nyufa kabla ya chochote. Injini hiyo inajulikana kwa kupasuka hedi.

Wapo wanaomwaga binzari au yai kwenye rejeta, au zile poda za dukani. Zitaziba tundu dogo la rejeta kukufikisha Morogoro. Kwa gasketi hazifanyi kitu zaidi ya kuziba na hita pia.

Maji yanapungua, hakuna tone chini

Vuja nyingine hukauka juu ya chuma cha moto kabla ya kudondoka. Tafuta alama nyeupe au za rangi ya koolanti kwenye maungio ya mipira, ukingo wa plastiki wa rejeta, chini ya pampu. Zulia la abiria likiwa na maji yenye utelezi, rejeta ya hita imetoboka. Gereji itakupimia kwa pampu ya mkono inayobana mfumo ukiwa baridi.

Kama gari ni la otomatiki, chomoa na dipstiki ya gia. Mafuta ya gia hupoozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo, na ukuta ukitoboka vinachanganyika. Ukikuta rangi ya maziwa ya stroberi, gari livutwe. Kuliendesha ni kununua gia boksi.

Mshale unasema H, injini haina dalili

Hutokea. Mshale unaruka ghafla kwenda juu, unarudi, unaruka tena. Maji hayaruki hivyo, ni waya au athi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) mbovu. Toyota hizi zina vihisi vitatu tofauti: chenye waya mmoja ni cha mshale, cha waya mbili ni cha kontrol boksi (kompyuta ya injini), na kingine ni swichi ya feni. Ukiagiza "sensa ya joto" dukani bila kusema ipi, una nafasi moja kati ya tatu.

Linalotisha ni kinyume chake. Mshale wa nyingi kati ya magari haya umetengenezwa utulie katikati kwa upana mkubwa wa joto, kwa hiyo ukianza tu kusogea, tayari umechelewa. Na maji yakiisha kabisa kihisi kinabaki hewani, mshale unaweza kushuka. Mshale ukishuka huku injini inanuka na kukosa nguvu, zima.

Ukishatengeneza, weka koolanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Mfumo wa Corolla unachukua kama lita 5 hadi 6. Maji safi ya betri yanafaa, ila soma lebo, maana asidi hukaa rafu hiyo hiyo. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye tanki la akiba, na kwa wiki nzima uangalie kila asubuhi kabla ya kuwasha. Wangu nilichora Jumapili. Alhamisi ulikuwa umeshuka upana wa kidole, Ijumaa nikaupata mpira mdogo wa nyuma ya injini ambao klipu yake haikurudishwa.